Hesabu Mbili za Bahari

Maudhui ya jioni ya leo ni majira ya uvuvi wa burudani katika upwa wetu, yaani ule uvuvi wa ufito na mshipi unaofanywa na mtu ambaye, arudipo mikono mitupu, nyumbani kwake halali mtu na njaa. Swali linaloulizwa kuliko yote juu ya jambo hili, na wageni wa bara pamoja na wenyeji waliokulia mijini, ni hili: mwezi gani ndio mwema? Swali ni la haki, walakini limefungwa katika hesabu isiyokuwa ya bahari. Kwani Januari na Oktoba ni majina yanayotumika maofisini na mahotelini, ilhali maji, pepo na samaki huenda kwa hesabu nyingine mbili, ambazo manahodha wa pwani hii walikuwa nazo vichwani mwao karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuvua kwa ajili ya kujifurahisha. Mwenye kuzijua hesabu hizo hahitaji kuuliza mwezi, na asiyezijua, hata akiambiwa mwezi, aghalabu hufika pwani katika wiki njema akatoka nje katika saa mbaya.

Hesabu ya kwanza ni ya mwezi wa mbinguni, nayo hutawala maji. Mwezi uandamapo, na kadhalika ufikapo usiku wa kumi na tano, jua na mwezi na nchi hukaa katika mstari mmoja, nguvu za kuvuta zikaungana, na baada ya siku moja au mbili bahari ikaja na bamvua, ambalo maji yake hupanda hata yakafunika mizizi ya mikoko, kisha yakashuka hata mwamba ukabaki uchi. Na mwezi uwapo nusu, yaani kama tarehe nane na tarehe ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu, nguvu hizo hupingana, ndipo panapokuwa maji mafu. Hapa Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na wakati wa maji mafu hukaribia mita 1 tu. Jambo ambalo wengi hawalitambui, ijapokuwa mvuvi yeyote wa ngalawa hulijua tangu utoto, ni kwamba saa za bamvua katika upwa wetu hazigeuki sana mwaka mzima: maji hujaa kabisa mnamo saa kumi za alfajiri na saa kumi za jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne za asubuhi na saa nne za usiku, na kila siku ipitayo saa hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50, hata wiki moja ikiisha mambo yakawa yamepinduka, maji yakajaa saa nne na kupwa saa kumi. Basi mtu mwenye tarehe ya mwezi mkononi ana jedwali la maji zima, bila kununua kitabu.

Hesabu ya pili ni ya jua, nayo hutawala pepo. Mwaka wa Hijria, kwa kuwa ni wa mwezi mtupu, huupungukia mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kwa sababu hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote, mara ikaangukia joto la kaskazi na mara ikaangukia baridi ya kipupwe. Hawezi mtu, kwa mwaka huo peke yake, kusema pepo zitageuka katika Rajabu au katika Shaabani. Ndipo wazee wetu waliposhika pamoja nao mwaka wa Nairuzi, uliotoka Uajemi ukasafiri na mabaharia, wenye siku 365, nao wakauhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za kumalizia. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa Uarabuni, katika kitabu chake cha elimu ya bahari alichokikamilisha karibu na mwaka 1490, aliweka majira ya kusafiri kwa hesabu ya siku za Nairuzi, na watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huushika mwaka huo hata leo kwa sherehe yao ya Mwaka Kogwa mwishoni mwa Julai. Mfano wa elimu hiyo ni safari ya Vasco da Gama, baharia wa Kireno, ambaye aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapo, akafika pwani ya Bara Hindi kabla mwezi haujaisha vizuri. Wanazuoni wanahitilafiana juu ya rubani huyo alikuwa nani, na mimi sitaingia katika ugomvi wao, lakini tarehe yenyewe haina ubishi, kwa maana ni siku za pepo za kusi kuanza kushika, na rubani yule, awe nani awaye, alijua.

Sasa tuzitazame pepo hizo kwa jicho la mvuvi. Kusi huanza kushika Aprili, pamoja na mvua za masika, na huvuma kwa ukali hasa tangu Mei hata Agosti; kisha huzeeka, tukaingia demani, na pepo nyororo za matlai zikaja Oktoba na Novemba; kisha kaskazi hushika Desemba, ikafikia nguvu zake Januari na Februari, na Machi ikalegea, bahari ikatulia katika maleleji. Chini ya pepo hizi umo mkondo mkubwa unaopita mbele ya pwani yetu kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo huusukuma mgongoni, ukapata mwendo wa maili 4 za bahari kwa saa na wakati mwingine zaidi. Wakati wa kaskazi upepo huukabili usoni, ukadhoofika, na mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya ukakutana na mkondo mwingine unaoteremka kutoka Somalia, na yote miwili, kwa kukosa njia, ikageukia mashariki kwenda bahari kuu. Pale mikondo inapopambana, maji ya chini yenye chakula huinuka juu, vidagaa vikakifuata chakula, na wakubwa wakavifuata vidagaa. Na hii ndiyo sababu, wala si bahati, ya uvuvi wa Malindi na Watamu na vilindi vilivyo mbele ya Ghuba ya Ungwana kusifiwa katika miezi ya kaskazi.

Jambo jingine la kutazama ni rangi ya maji. Mto Sabaki humwagika baharini kaskazini mwa mji wa Malindi, na mvua zinyeshapo huko juu hushuka mwekundu kwa udongo. Katika kusi udongo huo huchukuliwa kaskazini, ukaiacha ghuba ya Malindi na nafuu. Katika kaskazi huteremka kusini, ukaingia ghubani, na mgeni aliyelipia boti akatazama ufukweni maji ya rangi ya matofali akadhani kuwa ametapeliwa. Asikate tamaa. Nahodha mwenye akili huendesha chombo mpaka afike pale maji ya tope yanapokoma na maji ya samawati yanapoanza, kwa kuwa mpaka huo, ambao mara nyingi huonekana wazi kabisa, hukusanya mwani, povu na vijiti, na pambizoni mwake, upande wa maji safi, ndipo wanapovizia nguru na sulisuli. Nimewaona manahodha wenye vyombo duni na mitambo michache wakileta samaki kila siku kwa elimu hii moja tu ya kuutafuta mpaka wa maji, na wenye vyombo vya fahari wakiuvuka kwa kasi bila kuutazama.

Msimu wa uvuvi wa nje, kwa hiyo, hauanzi na mwaka wa ofisini. Huanza kusi likizeeka, katika Agosti na Septemba, wakati ambao nyangumi waliopanda kutoka bahari za baridi bado wapo mbele ya pwani na bahari ingali ina mawimbi mapana. Siku hizo huja jodari wa mapezi ya manjano, makundi kwa makundi, na dalili yao iko angani kabla haijawa majini: shakwe na membe wakirukaruka na kujitupa mahali pamoja, na pengine pomboo wakitangulia. Kosa la wanaoanza, nalo hufanywa kila msimu bila kukoma, ni kuliona kundi kisha kulipitia katikati kwa mashine. Jodari ana masikio makali kuliko watu wanavyodhani. Kundi lote huzama, na wavuvi wakabaki na ndege walioduwaa. Taratibu iliyo sahihi ni kuzunguka kwa mbali, kujua kundi linaelekea wapi, kisha kupita ubavuni mwake ili chambo, kilicho mbali nyuma ya chombo, ndicho kikatize mbele ya samaki, wala si chombo chenyewe. Na chambo hicho kiwe cha kadiri ya dagaa wanaoliwa siku ile, maana jodari anayekula samaki wa urefu wa kidole huweza kukipuuza chambo cha shibiri nzima kwa dharau iliyo dhahiri. Akishanasa huenda chini wima, huku akizunguka, na hapo kazi ni ya mgongo na miguu: ufito huinuliwa pole pole, kisha hushushwa huku gurudumu likizungushwa upesi kuupokea mshipi, tena na tena, bila kupumzika, kwa kuwa papa nao wanayajua majira haya na mvivu hupandisha kichwa kitupu.

Katika demani hiyo hiyo, panapoelea gogo au rundo la mwani, usipite bila kutazama. Chini yake hukaa faulusi, samaki wa dhahabu na kijani, ambaye rangi zake humtoka machoni pako dakika chache baada ya kutolewa majini, na ambaye wenzake hawaliachi gogo maadamu mmoja wao angali amenaswa majini. Huko Mafia, kutoka Oktoba, hufika potwe, yule papa mkubwa mpole mwenye madoa, na nahodha wa kule humpisha kwa adabu. Na kwa wenye vyombo imara, Fungu Kizimkazi, kisiwa cha mwamba kilicho peke yake kusini-mashariki ya Unguja, huwa na maji ya kina kikuu pembeni kabisa mwake, na siku za utulivu wa matlai ndizo za kukiendea, si za kusi.

Lakini samaki ambaye kwa ajili yake watu hupanda ndege kuja kwetu ni sulisuli, ambaye wengine humwita mbasi, naye hukaribia pwani kwa wingi tangu Novemba, pepo zinapogeuka, mpaka Januari. Pwani yetu ina hisani moja kubwa kwa mvuvi wake: kilindi hakiko mbali. Mbele ya Watamu chombo hutoka nje ya mwamba na baada ya maili chache tu kimefika maji mazito, na baina ya Pemba na bara mna mlango wa bahari ambao kina chake hupimwa kwa mamia ya mita, ilhali mtu yumo katikati ya nchi mbili zinazoonekana siku ya anga safi. Sulisuli hawakai kilindini kabisa. Wao hufuata vibua na dagaa katika maji ya kadiri, pengine karibu hata minazi ikahesabika, na hapo ndipo vyombo hurambaza, yaani huvuta chambo nyuma yao kwa mwendo wa maili 4 mpaka 6 za bahari kwa saa ikiwa chambo ni samaki wa kweli, na maili 7 mpaka 9 ikiwa ni cha bandia.

Chambo kilicho bora ni chuchungi, samaki mwembamba mwenye taya la chini lililorefuka, ambaye hushonwa kwenye ndoana kwa uzi ili mwili wake unyooke na kuogelea sawasawa. Akipinda kidogo tu huzunguka, akausokota mshipi, na hakuna sulisuli mwenye akili atakayemfuata. Utengenezaji wake ni ufundi wa mabaharia wetu, na ningependa kusema hapa, kwa insafu, kwamba samaki wengi ambao picha zao hutundikwa na majina ya wageni chini yake walivuliwa kwa nusu na kijana aliyeamka saa kumi za usiku kushona chambo.

Sasa sikilizeni jinsi anavyokuja, kwa sababu hapo ndipo mbinu yote ilipo. Sulisuli hamezi kwa pupa. Huonekana kwanza kivuli cha zambarau nyuma ya chambo, kisha pezi lake la mgongoni hukunjuka juu ya maji, kisha hukipiga chambo kwa mdomo wake mrefu ili akizimishe kabla ya kukila, maana ndivyo awafanyavyo dagaa katika kundi. Mvuvi akiuvuta mshipi kwa kishindo katika nukta ile ya kupigwa, humnyang'anya tonge mdomoni. Yampasa alegeze gurudumu, aushike mshipi kwa kidole chepesi, na kukiacha chambo kizame nyuma bure, kana kwamba kimekufa kwa pigo. Sulisuli hugeuka, hukichukua, na huondoka nacho, na mshipi ukianza kutoka kwa mwendo wa haraka ulio sawa, si wa kushtuka-shtuka, mvuvi huhesabu pole pole mpaka tano au zaidi kidogo, kisha hufunga breki. Zamani hapo ndipo alipoinua ufito kwa nguvu mara tatu kuichoma ndoana. Siku hizi wengi hutumia ndoana ya duara, ambayo ncha yake imeelekea ndani, na kwa hiyo haitaki kuchomwa kabisa: mshipi ukikazika, yenyewe huteleza mpaka pembe ya taya ikashika hapo, samaki asipate jeraha tumboni. Kwa mvuvi aliyezoea kuvuta, kukaa kimya mikono ikitulia katika sekunde hizo ni adabu ngumu kuliko zote za mchezo huu.

Breki yenyewe ifungwe mapema, gatini, kwa mizani, isizidi thuluthi ya uzito ambao mshipi unaweza kuhimili, kwani baharini, samaki akiruka, mkono wa mwenye hofu hukaza tu. Vitabu vya zamani vilisema kwamba sulisuli huenda kilomita 110 kwa saa. Vipimo vya wataalamu wa siku hizi vimempunguzia sifa hiyo hata haifiki nusu, lakini aliyemwona akikata maji kwa mruko baada ya mruko, mkia wake ukitembea juu ya bahari, hatapunguziwa chochote. Uzito wake kwetu aghalabu ni baina ya kilo 20 na 35, na mshipi wa kilo 10 au 15 humtosha. Mwenye kumvua kwa kamba ya kumvutia jahazi atampandisha upesi, ni kweli, lakini sioni burudani iko wapi.

Baada ya sulisuli huja jamaa zake wakubwa, nduaro, nao ni wa namna tatu: wa milia, ambaye hupatikana hasa Januari mpaka Machi mbele ya Malindi na katika mlango wa Pemba, na wa samawati, na mweusi. Hawa hutafutwa nje zaidi, ukingoni mwa kilindi, kwa vyambo vikubwa vya bandia vinavyotoa mapovu nyuma ya chombo, au kwa sehewa aliye hai, aliyetundikwa kwa uzi uliopitishwa kichwani ili aogelee bila kuumia; na mishipi yao ni ya kilo 37 na 60. Mweusi mkubwa kuliko wote waliopata kuvuliwa kwa kanuni za mchezo alinaswa na Alfred Glassell huko Cabo Blanco, nchini Peru, tarehe 4 Agosti 1953, uzito wake ratili 1,560, yaani zaidi ya kilo 700, na tangu siku ile hajapata mshindani. Kanuni hizo, ambazo hushikwa na jumuiya ya kimataifa iliyoundwa mwaka 1939, zina sharti moja ambalo mabaharia wetu hulicheka kwa siri: kwamba mtu mwingine akiugusa ufito wakati samaki yuko mshipini, basi samaki huyo hahesabiwi, hata kama mvuvi amechoka karibu ya kuzimia. Mwandishi Ernest Hemingway, ambaye alivua Malindi mwaka 1934 na akarudi pwani yetu, Shimoni, mwaka 1954, aliijua bahari hii. Kwa wengi wetu jina lake limebaki katika mahoteli kuliko katika vitabu vyake, jambo ambalo ni la kusikitisha kidogo. Kuna na jamaa mwingine wa sulisuli na nduaro, yule wa upanga mpana wa bapa, ambaye mchana hukaa chini sana na usiku hupanda kufuata ngisi. Huvuliwa gizani kwa taa ndogo zinazotiwa karibu na chambo, katika nyakati za bahari tulivu, na ni uvuvi wa watu wenye subira na matumbo yasiyojua kichefuchefu.

Desturi iliyoenea kwetu katika miongo hii ya karibuni ni kumtia samaki alama yenye namba mgongoni na kumwachilia. Lipo Watamu kundi la wataalamu wanaozikusanya habari za alama hizo, na kwa njia hiyo samaki akivuliwa tena, ijapokuwa katika bahari ya nchi nyingine na baada ya miaka, hujulikana alikotoka. Wapo wanaosema kuwa kumwachilia samaki ni israfu, na mimi siwalaumu, maana wamekulia katika nyumba ambazo samaki ni chakula wala si picha. Lakini nguru na jodari huliwa na ni watamu, nao wachukuliwe, na sulisuli ambaye nyama yake ni ya daraja la chini aende zake, na sioni kama pana ugomvi hapo. Ugomvi wa kweli ni pale chombo cha burudani kinapopita juu ya mishipi na nyavu za wavuvi wa riziki, au kinapovua ndani ya mipaka ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa tangu mwaka 1968, ambako uvuvi hauruhusiwi na maboya yapo wazi kwa kila mwenye macho.

Machi ikiisha, vyombo vikubwa huanza kupandishwa pwani, vikafanyiwa matengenezo, na hoteli nyingi hufunga milango. Watu husema kwamba uvuvi umekwisha. Umekwisha wa nje, ndiyo. Kwani katika Mei na Juni, kusi likipiga juu ya mkondo wenye nguvu, kutoka nje ya mwamba kwa ajili ya starehe si ushujaa bali ni kuwasumbua waokozi. Lakini hapo ndipo hesabu ya kwanza, ile ya mwezi, inapochukua zamu ya ile ya jua. Ndani ya hori za Mida, Kilifi na Mtwapa, na katika mkono wa bahari baina ya Shimoni na Wasini, maji hayajali sana kusi. Yanalolijali ni bamvua. Maji yakijaa huingia mikokoni, na mkizi na vibua wadogo huingia pamoja nayo kutafuta chakula; yakianza kupwa, yote hayo hulazimika kutoka kwa mlango mmoja mwembamba, na mlangoni, nyuma ya kila jiwe linalokata mkondo, husimama kolekole na mzia wakingoja waletewe. Basi siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, bamvua likiwa limekolea na maji yakijaa mnamo saa kumi na saa kumi na moja za jioni, mvuvi awe mlangoni tangu maji yanapoanza kugeuka mpaka giza linapomzuia kuona. Na asubuhi, kwa hesabu hiyo hiyo, tangu alfajiri. Akija katika maji mafu, mlango huo huo humwona akitupa mpaka akachoka. Siku hizo na achukue mashua ndogo, aende penye mwamba wa ndani uliokingwa na kisiwa, ashushe chubwi nyepesi na chambo cha ngisi kumtafuta changu na chewa, kwa kuwa mkondo dhaifu huuacha mshipi ukaenda chini wima.

Kolekole hana mambo ya sulisuli. Hapimi, hapigi, hasubiri kuhesabiwa. Hukivamia chambo juu ya maji kwa kishindo kinachosikika ng'ambo, na papo hapo hugeuka kurudi kwenye jiwe lake, ambako mshipi hukatika kwa mguso mmoja wa tumbawe. Kwa hiyo yale yote niliyoyasema juu ya breki nyepesi na mkono mtulivu huwekwa kando: hapa breki hukazwa karibu na kikomo chake, mshipi huwa mzito kuliko samaki anavyoonekana kustahili, hatua chache za mwisho kabla ya ndoana huwa za uzi mnene usioogopa mwamba, na mvuvi hujitahidi, katika pumzi ya kwanza, kumgeuza kichwa samaki asifike jiweni, maana akifika amekwenda. Mafundo ya kuungia uzi huo mnene na mshipi, ambayo ndiyo huachia mara nyingi kuliko mshipi wenyewe, yanataka muda wake. Nitayaeleza moja moja katika mazungumzo ya wiki ijayo, inshaallah, na mwenye kutaka kufuatana nami awe na kamba mbili za unene mbalimbali mbele yake.